Nilivyolivunja Kundi la Wasichana

Nimekosa, jamani! Tena kwa kiherehere changu mwenyewe, hakuna shetani wa kumsingizia.

Hapa Kibarani kuna binti wa miaka kumi na tisa, nimwite Saumu. Alipata mafunzo ya afya ya uzazi kwenye zahanati, akaanzisha kundi la WhatsApp la wasichana wenzake. Humo waliuliza mambo ya hedhi, ya kuzuia mimba, ya kumkataa mwanamume asiyesikia, naye akawajibu bila kumcheka mtu. Jina la kweli hakumtaka mtu alitaje.

Mimi nikasema watoto wanaharibiwa! Nikanunua laini mpya, nikajiita Kadzo wa kidato cha pili. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, magoti yanauma, naandika "niaje wasupa". Aibu iliyoje!

Siku ya tatu nikapata nilichokitafuta. Mmoja aliuliza: "Nikienda zahanati kuulizia njia za kuzuia mimba, muuguzi atamwambia mama? Mama akijua ataniua."

Kina mama walipokutana kwangu, nililisoma swali lile huku nimebana pua, naigiza sauti ya kitoto. "Huyu naye ana mama kweli?" nikauliza. Wallahi tulicheka hadi machozi! Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa akitumiminia chai. Aliweka birika chini, akaingia ndani. Nikamkemea kwa kutuachia vikombe vitupu.

Kesho yake tukamwendea Saumu, nikajitapa kuwa Kadzo ni mimi, tukamtishia kumpeleka kwa chifu.

"Sawa, mama. Basi mtawajibu nyinyi?" aliuliza.

Nikamwambia afunge domo. Kundi akalifunga.

Miezi sita baadaye, sare ya binti yangu ikakataa vifungo. Nilipiga mayowe mtaa mzima ukasikia. "Kwa nini hukuniuliza mimi, mamako?"

"Niliuliza, mama, kwa simu ya rafiki yangu. Ukanisoma mbele ya watu."

Nyani haoni kundule, na mimi ndiye mkubwa wa manyani! Sasa mjukuu namlea mimi ili mamake arudi shule. Kina mama wale bado wanacheka, ila si kwangu. Nilimwendea Saumu, nikamsihi afungue kundi tena. Akaniuliza, kwa adabu zote, safari hii nitaingia kwa jina gani. Ninaumia, jamani.

Ewe mama unayechungulia simu za watoto wa wenzio, acha! Na mtoto akileta swali, mjibu au mpeleke kwa anayejua. Wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na birika mkononi, nami nimebana pua.