Milango Yenye Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, na jina likamkaa. Mhudumu huyu wa afya hakujua kutulia: hata chai aliinywa akitafuta viatu. Mkoba begani, kipimo cha presha ndani, huyo, nyumba kwa nyumba kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mumewe alimtania kwamba siku akifa, jeneza itabidi walikimbize.

Alianzia juu, kwenye nyumba za mageti, kwa sababu huko alifunguliwa. Akina mama wa huko wana madaktari wao, lakini walipenda kupimwa barazani huku wakipiga soga. Kule chini, kwenye vyumba vya kupanga, alikuta kufuli mlango hadi mlango, akapita. Aliyekwenda kazini ni mzima, alijiambia, na maneno hayo yakamtosha miaka yote.

Siku moja ukanda wa kiatu ulimkatikia huko chini. Akaketi kwenye kizingiti cha chumba kilichofungwa, aufunge. Harufu ya kidonda ilimfikia kwanza, kisha mtu akakohoa ndani.

"Nani humo?"

"Mama yake dobi," sauti ya kizee ikajibu. "Mwanangu hunifungia akienda kufua. Mguu haunibebi, na wezi hawana haya. Wewe si Kiguu na Njia?"

"Umenijuaje, mama?"

"Nakusikia ukipita. Zamani nilikuwa nakuita. Lakini una mbio, mwanangu."

Kiguu na Njia alimjua dobi huyo vizuri. Asubuhi ileile alimwona kwenye nyumba ya geti akianika mashuka, wakati yeye akimweleza mwenye nyumba kwamba kidonda cha mwenye kisukari hakingoji. Dobi alisikia yote akanyamaza, maana kibarua haingilii mazungumzo ya tajiri na mgeni wake. Na yeye mwenyewe, pamoja na udaku wake wote, hakuwahi kumuuliza kwao hawajambo.

Alipanda mlima kiatu mkononi. Mwenye nyumba alinung'unika kuhusu mashuka mabichi; Kiguu na Njia akamwambia kamba iko pale na mikono anayo, akaondoka na dobi na ufunguo wake.

Hospitalini vidole viwili vya mama yule vilikatwa, mguu ukapona. Wiki hiyohiyo alimwendea nesi mkuu, akataka zamu yake iwe jioni, watu wakirudi na funguo zao, tena aanzie chini. Nesi alisema saa za kazi ni saa za kazi. Akang'ang'ania mpaka nesi akachoka. Siku hizi mumewe hula peke yake na kulalamika.

Ila roho yake haijatulia. Akipita mchana kwenda sokoni, kila kufuli humvuta. "Hodi," husema, kisha yeye asiyejua kusimama husimama, sikio ubaoni, akiogopa kujibiwa na akiogopa kimya.