Aliyekupa Vijiti Humfukuzi

Mwanangu, kaa hapa kwenye benchi, na hiyo simu itie mfukoni kidogo. Iko siku moja ya vita ambayo sijawahi kukusimulia yote. Jana nilikusikia uani ukiwaambia wenzako kwamba yule mama wa Djugu aliyejenga kibanda cha turubai chini ya shamba letu aondoke, arudi kwao, maana nafasi haitoshi. Sikukukatiza, kwa sababu mzazi hamwaibishi mtoto mbele ya rafiki zake. Leo tuko wawili tu, basi nisikilize.

Naikumbuka siku ile vizuri. Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, mzito kweli kweli, maana ulininyonya bila huruma. Nilikuwa kijana, nimeolewa si zamani. Baba yako alikuwa amekwenda Mahagi kutafuta chumvi, vita vikafunga njia nyuma yake. Nilibaki hapa nje kidogo ya Bunia, upande wa njia ya Bogoro, pamoja na mama yake mzazi, ambaye kilima kizima kilimwita Tate, kama tunavyowaita bibi zetu wote. Alikuwa mfupi, mkavu, na mdomo wake haukujua likizo. Hata padri alimwogopa.

Sitakutajia makabila. Unayajua, na nikiyataja tu masikio yako yatachagua upande kabla sijamaliza. Nitakuambia habari ya udongo.

Babu wa baba yako alipofika kilimani hapa, ungeweza kupiga kelele asikuitikie mtu, ila mzee mmoja wa kule chini mtoni. Kisha akazaa, na wanawe wakazaa. Wengine wakaja kwa kamio, yaani lori, kutoka Mahagi kufuata biashara, wengine kutoka ng'ambo ya Bogoro kufuata malisho, wengine walifuata dhahabu, wakaikosa, wakabaki. Kila mwana alitaka kipande chake, na shamba likakatwa kama kitenge kinachokatwa mpaka zinabaki leso. Halafu vita vikaja, na kila kilima kilichochomwa kikamwaga watu wake juu ya kilima kingine. Aliyekimbia aliacha shamba, aliyefika alilima, na aliyerudi alimkuta mwingine amepanda. Hapo ndipo lilipozaliwa lile swali lililotumaliza: nani alikuja kwanza?

Sasa, kilimani kwetu ilikuwepo desturi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuliongeza na vijiti vya muhogo. Mtu akiomba mahali pa kukaa, jirani wa kwanza kumpokea alikata vijiti kwenye shamba lake mwenyewe, akamfungia mzigo, akampelekea kwa mkono wake. Havikuuzwa. Na ukishakula muhogo uliotoka kwa mtu, humfukuzi. Wazee walisema ukimfukuza, muhogo wako unageuka mchungu, na hakuna maji ya kuuloweka yatakayoutoa uchungu huo. Ndiyo maana kila mtu alijua vijiti vyake vilitoka kwa nani, kama anavyomjua shangazi yake.

Asubuhi ile wakaja vijana. Walikuwa na mapanga, na bunduki moja yenye kamba ya kiatu badala ya mkanda. Mkubwa wao aliitwa Dieudonne, mtoto wa kilima chetu, tuliimba naye kwaya. Wakasimama uani kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia baridi.

"Tate," akasema Dieudonne, "siye hatukuya kukufanya mubaya. Weye njo muzee wa hapa. Utuonyeshe tu nyumba za bale balikuya nyuma yetu. Batu bamekuwa mingi, udongo hautoshe. Siye batoto ya hapa tutaolea wapi?"

Nilijua wanamtafuta nani kwanza. Jirani yetu Mama Jeanne, ambaye nyumba yake iligusana na yetu mgongo kwa mgongo, hakuwa wa kabila letu. Alikuwa ndani na watoto wake, mlango umefungwa, na nilisikia mtoto mmoja akizibwa mdomo. Nikavuta kitenge cha Tate, nikamnong'oneza aseme hajui.

Akanigeukia kwa sauti kubwa: "Acha kitenge changu, utanivua nguo mbele ya batoto!"

Hata wenye mapanga walicheka, mwanangu. Lakini yeye hakucheka.

"Munasema kweli," akawaambia. "Batu banazala, udongo hauzale. Miye najua nani alikuya nyuma. Mungoje."

Akaingia ndani. Nikadhani ameshindwa. Akatoka na mkeka wake umefungwa kwa kamba na sufuria kichwani, akapita katikati yao, akaenda kusimama njiani.

"Tuanze na mugeni wa kwanza. Iko miye. Sikuzaliwa hapa, nililetwa kuolewa. Na mama zenu bote balitoka bilima bingine, basi bafunge mikeka. Bwana yangu, baba yake alikuya na jembe moya na muke mugonjwa. Nani alimupa vijiti? Muzee wa kule chini kwenye muto, ule bajukuu yake munaita leo adui." Akamnyooshea kidole Dieudonne. "Na weye. Babu yako alishuka kwa kamio toka Mahagi na sanduku moya. Nilikuwa naona na macho yangu. Nani alimubebea muzigo ya vijiti mpaka kwa mulango?"

Dieudonne akatazama chini.

"Sema! Batoto basikie."

"Baba-mukwe ya Mama Jeanne," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Asubui hii ulikula nini?"

 Wote tulijua alikula muhogo.

"Muhogo yenyewe iko mugeni," Tate akamalizia. "Miye mutoto, kwetu tulikula ulezi. Kama bageni banatoka leo, ng'oeni na muhogo, kisha tuone nani atabakia na kulima kilima na tumbo wazi."

 Mmoja wa vijana, yule wa bunduki, akasema wasipoteze muda na kikongwe. Dieudonne akamwambia anyamaze. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau: akaupokea ule mkeka kwenye mkono wa Tate, akaurudisha uani, akauegemeza ukutani. Wakaondoka bila kuaga. Nikaenda kumgongea Mama Jeanne, akafungua, tukashikana mikono, na usiku huohuo akatoroka na watoto wake wote wakiwa hai, akashika vijia vya porini kuelekea Mahagi.

Sitaki nikudanganye. Tate hakusimamisha vita. Mapigano yalifika kutoka upande wa Bogoro mvua zikiwa bado zinanyesha, na kilima kizima kilitawanyika, wa kwanza na wa mwisho pamoja. Hapo hakuna aliyeuliza nani alikuja lini. Tate alifia njiani tulipokuwa tukikimbia, akazikwa kwenye udongo wa watu tusiowajua, nao walitupa nafasi ya kaburi bila kutuuliza kabila. Dieudonne hakurudi. Mama yake anamngoja mpaka leo.

Tuliporudi, mimi na baba yako, aliyetukuta huko ukimbizini, na wewe ukiwa tayari unatembea, shamba lilikuwa pori. Muhogo ulikuwa umeliwa na kuchomwa hata mizizi. Hakuna mtu kilimani aliyekuwa na kijiti kimoja. Tulilima, tukakaa tukitazama udongo uliolimwa usio na cha kupanda, na njaa ile nilikuficha wewe tu.

Kisha siku moja kamio la kutoka Mahagi likasimama njiani, akashuka Mama Jeanne. Alikuwa na gunia lililolowekwa maji, amelishikilia kama mtoto mchanga. Huko Mahagi alikuwa mgeni, mtu akamwazima kipande, akapanda vijiti alivyoondoka navyo kwenye shamba lake, ambavyo mbegu yake ilitoka shamba la Tate, akavikata tena na tena kila alipohama.

"Tate iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia amelala mbali. Akapiga magoti palepale, akalia, kisha akafungua gunia. "Hivi iko vyake," akasema. "Nilivichunga tu."

Milima haikutani, watu hukutana. Muhogo uliokulea wewe mpaka ukawa na ndevu, mwanangu, ulitoka kwenye gunia lile. Ninajivuna, nakuambia wazi. Wengine wanajivuna babu zao walikamata vilima. Mimi ninajivuna kuwa mkwe wa mwanamke aliyesimama njiani na sufuria kichwani.

Sikatai kwamba udongo hautoshi. Hautoshi kweli, na utapungua zaidi, maana na wewe utaoa, na nitafurahi. Ndiyo sababu nilikusukuma ujifunze useremala, kwa kuwa tukisimama sote juu ya shamba moja na jembe, tutakanyagana tu. Lakini udongo usiotosha hugawanywa kwa maneno. Ukiugawa kwa panga, hata unachopata hutakilima kwa amani, na mwanao atakuja kuulizwa swali lilelile. Yule mama wa Djugu ana kilima chake, nacho kimechomwa. Siku atakaporudi, atarudi. Kaa naye na wazee wa hapa, mkubaliane alime wapi na mpaka lini, mbele ya mashahidi. Na mtu asikuulize nani alikuja kwanza ukamjibu haraka. Muulize kwanza vijiti vyake alipewa na nani.

Panga liko nyuma ya mlango. Shuka shambani kabla jua halijawa kali, kata vijiti vilivyokomaa, funga mzigo, umpelekee kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume mtu.

Mungu akuzidishie majirani kabla hajakuzidishia shamba, mwanangu, na muhogo wako usigeuke mchungu mpaka wajukuu wa wajukuu wako.