Darasa la Shumba na Skuli za Nchi za Watu

Ipo Ijumaa moja ya kijijini kwetu Shumba isiyonitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini, nimesoma madarasa manne tu, lakini tayari nina lori langu mwenyewe. Lori, si baiskeli! Leo ninayo matatu, na duka la saruji na mabati hapa Tibirinzi, na wenye digrii zao huja kuniamkia. Nayasema haya usije ukadhani aliyekosea siku ile alikuwa mtu dhaifu. Nilikuwa mtu wa kusikilizwa. Ndio ubaya wenyewe.

Skuli yetu ilikuwa na vyumba vichache, watoto wakimaliza msingi huenda kwa miguu mpaka kijiji cha mbali. Na desturi yetu waijua: wanakijiji hufanya msaragambo, wakapandisha kuta kwa mikono yao, kisha Serikali ikaja kuezeka. Kuta za darasa jipya la sekondari zilikuwa zimefika kiunoni. Baada ya sala, sheha, mkubwa wa kijiji chetu, akatukusanya, akaniomba lori la kuchukulia mchanga na mawe.

Mimi ndio kwanza nimerudi Omani kumtazama ami yangu. Nikasimama, nikawahadithia skuli za kule: mabasi ya kuchukulia watoto, vitabu vya bure, vyumba vina ubaridi.

"Na sie twabeba matofali kichwani! Serikali ya kule yatoa, yetu yatoa nini? Lori langu haliendi. Na nyie yatueni hayo matofali, muone kama hawaji kujenga!"

"Yakhe, leo umesema!" wakapiga makofi.

Bi Asha, mwalimu aliyenifundisha hayo madarasa manne, akainuka upande wa wanawake.

"Omari, weye ulitukimbia kabla hatujafika hesabu za kugawa." Watu wakacheka, nami uso ukanishuka. "Wenzetu wana chungu kikubwa na watoto wachache. Sie chungu kidogo, watoto tele. Usitazame ukubwa wa chungu, uliza watoto wamepakuliwa sehemu gani. Ukiona yetu ndogo, twende tukaidai, nami n'takufuata mpaka ofisini. Lakini Omani yatoa kwa watoto wa Omani. Weye watoa kwa wa nani?"

Mimi nikafanya kiburi. Lori halikwenda, na watu wakanifuata mimi. Masika yakaingia, kuta zikaota majani.

Mwaka ule Rukia, binti wa dada yangu, alipasi kuingia sekondari. Ndiye aliyekuwa akinisomea karatasi za mizigo ya bandari ya Wesha, maana mimi herufi zilinipiga chenga. Akaenda skuli ya mbali miezi mitano, akirudi magharibi, viatu mkononi. Mvua zilipozidi dada yangu akaiogopa ile njia, akamkatiza masomo. Haukupita muda akaolewa.

Nilikwenda kumtaka radhi.

"Yamekwisha, mjomba," akaniambia, anamenya muhogo. "Mie nilitaka kuwa daktari tu."

Hakulia. Mimi nililia ndani ya lori, mtu mzima na ndevu zangu.

Darasa lile nimekuja kulimaliza mwenyewe, kuta mpaka juu, sikumwomba mtu hata ndoo ya mchanga. Ni zuri, nenda kalione. Lakini siku linafunguliwa Rukia alikuwa na watoto wawili.

Basi mwanangu, linganisha nchi na nchi, ni haki yako. Uliza kwa sauti Serikali yetu imewapakulia nini watoto, na usiogope ukubwa wa mtu. Ila upungufu wa Serikali usiufanye udhuru wa kukunja mikono yako. Bajeti ya mwakani huja na mwakani wake, na mtoto wa mwaka huu keshakua.

Mwenyezi Mungu akupe elimu niliyoikimbia mimi, aulinde ulimi wako usimfungie mtoto wa mwenzio mlango. Na Rukia wetu amfungulie heri nyingine, maana ile ya kwanza mimi ndiye niliyemnyima. Amin.