Dawa ya Kutazama Majani

Daktari wa macho alimwambia Fundi Sekunde kwamba dawa yake ni kutazama majani, na Sekunde akaona ametukanwa mchana kweupe.

"Majani?" aliuliza.

"Majani, ndege, mawingu, chochote kilicho mbali," daktari alisema. "Macho yamechoka, mzee wangu. Miaka thelathini na tano unachungulia vitu vya ukubwa wa chawa! Kila siku, jua likiwa bado lipo, kaa saa nzima bila kushika kazi. Na huo mkono unaotetemeka nao utapumzika."

Sekunde alikuwa fundi saa. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa sokoni kwa sababu kibanda chake kilifunguliwa saa mbili kamili, si saa mbili na dakika moja. Kibanda chenyewe kilitosha mtu mmoja na nusu. Kibano kilikaa kulia, bisibisi saba zilipangwa kwa urefu, na jichoni alibana kioo cha kukuza utadhani alizaliwa nacho. Mteja akigusa bisibisi moja tu, alifokewa mpaka ajute kumiliki saa. Na ukimsemesha akiwa na kioo jichoni, jibu lilikuwa lilelile: "Mm. Ngoja nimalize."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Kiberiti kilikaa kushoto kwa chumvi, viti hatua mbili kutoka ukutani, ndoo nyuma ya mlango. Chai ya asubuhi aliimimina mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua kikombe kinapaswa kukaa wapi: cha mkewe mkono wa kushoto, mshikio ukielekea dirishani. Watoto walioa na kuolewa wakahama, na nadhani wengine walihama ili wapumue. Mkewe ndiye aliyebaki. Alikuwa mdarizi hodari, mpaka mwaka juzi alipoweka sindano chini akasema amechoka nayo. Sekunde, ambaye wakati huo alikuwa ameiinamia saa ya mtu kwenye meza ya chakula, alisema mm.

Siku hiyo ya daktari alifunga kibanda saa kumi na moja. Majirani zake sokoni walitoka nje kuuliza kama kuna msiba. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe uani, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwenye mti wa jirani ulioinamia ukuta wao.

"Baba watoto? Ni wewe, saa hizi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Daktari kaniambia nitazame majani."

Mkewe alicheka mpaka akajishika ubavu. "Basi kaa, mgonjwa wa majani. Yako mengi, hatutagombana."

Sekunde akaingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya chai. Ngazini hakuwa na utaratibu wowote, kwa sababu hakuwahi kukaa hapo. Cha mkewe akakiweka upande wa kulia, palipokuwa na nafasi. Dakika tano za kwanza zilikuwa adhabu tupu. Vidole vilimwasha. Alihesabu matofali ya ukuta, akamaliza, akaanza upya.

Halafu akamwona mnana, ndege mdogo wa manjano, anafuma kiota kwenye ncha ya tawi. Alikuja na utepe wa jani mdomoni, akauzungusha kwenye kitawi, akakanyaga ncha yake kwa mguu, akaipenyeza kwa chini, akavuta, akakaza. Fundo! Sekunde alibaki kinywa wazi. Yeye ana kibano cha chuma na mikono miwili, na bado springi ya saa humponyoka ikaingia uvunguni mwa meza. Huyu ana mdomo tu, tena upepo unamyumbisha. Ndege akakosea, akafumua, akaanza upya wala hakununa. Mabega ya Sekunde yalishuka yenyewe. Alipoutazama mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akiwaficha wateja, ulikuwa umetulia tuli. Alishangaa kweli. Mti ulikuwa hapo miaka yote, hatua chache kutoka kitandani kwake.

"Umeona alivyopitisha?" alinong'ona. "Chini, halafu juu. Umeona?"

"Nieleze," mkewe alisema, anatabasamu.

"Nikueleze nini na ndege yuko mbele yako? Fuata kidole changu."

Mkewe aligeuza uso. Aliugeuzia ukutani, mbali kabisa na tawi, na tabasamu lake palepale. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta chai. Akapapasa saruji tupu, akaupeleka upande wa kulia, akakipiga kikombe, kikaanguka ngazini kikavunjika.

Sekunde alipitisha kiganja mbele ya macho ya mkewe. Hayakupepesa. Akapitisha tena, karibu zaidi.

"Acha kunipungia," mkewe alisema kwa upole. "Vivuli bado naviona. Si unajua ndivyo vilivyobaki?" Akainama, akaanza kuokota vigae kwa kupapasa. "Na kosa ni lako. Chai yangu hukaa kushoto. Mwaka mzima na nusu hujakosea hata siku moja, leo majani yamekulevya."

Sekunde alishusha kiganja.

"Tena nilitaka kukwambia siku nyingi," mkewe aliendelea. "Siku ile niliporudi kutoka kwa daktari na dada yangu, nikakwambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, ukajibu mm. Nililia sana. Nikasema huyu mwanamume moyo wake chuma. Lakini nikaanza kuona, yaani kuona kwa njia yangu. Kiti hakisogei. Kiberiti kipo kilipokuwa. Kikombe kinanisubiri mahali pake. Dada akisema mumeo hajali, namwambia humjui wewe, yule haongei, yule anapanga nyumba ili nisijikwae. Nimeingia gizani, baba, lakini sikuogopa, kwa sababu ulikuwa nami. Asante."

Sekunde alitafuta siku hiyo kichwani mwake akaikosa. Alitafuta tena. Hakukuwa na daktari, wala dada, wala machozi. Palikuwa na saa tu, moja baada ya nyingine.

Angeweza kuipokea ile asante. Angesema "usijali, mama," na hakuna binadamu ambaye angejua, na mkewe angelala na amani yake. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini macho yake, yakiwa bado na ule utulivu wa kumtazama ndege, yalituama kwenye vidole vya mkewe vilivyokuwa vikiokota vigae. Vilikuwa na alama za kuungua jikoni. Nyingine zimepona zamani, nyingine za juzi, moja ingali na lengelenge. Aliona aibu.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua nini?"

"Chochote. Siku ile sikukusikia. Vitu naviweka hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoviweka, hata kabla ya macho yako kuharibika. Nimejua leo, kikombe kilipoanguka."

Mkewe aliacha kuokota. Kigae kilibaki mkononi.

"Kumbe nilikuwa peke yangu," alisema.

"Ndiyo."

Hakufoka, na Sekunde alitamani afoke. Mkewe alijisogeza tu pembeni, kiasi cha kiganja kimoja. Sekunde alitamani kukimbilia ndani, kwenye meza yake, akashike kitu kidogo chenye skrubu. Saa nzima ya daktari ilikwisha. Hakunyanyuka.

Mabawa yalisikika mtini. Mkewe aliinua uso moja kwa moja kwenye tawi.

"Amerudi," alisema kwa sauti kavu. "Anafanya nini?"

"Ana utepe wa jani. Mrefu kuliko yeye mwenyewe. Anatafuta pa kuupenyeza."

"Jicho lake rangi gani?"

"Jekundu."

"Usikimbie. Taratibu."

Akaenda taratibu. Alimweleza kila fundo, lililokaza na lililofumuka. Kisha ndege akaondoka. Ndipo mkono wa mkewe ulipovuka ile nafasi ya ngazi, ukampanda begani, ukafika shingoni, ukampapasa mashavu, kidevu, na mashimo chini ya macho. Ukasimama hapo ghafla.

"Mungu wangu," mkewe alisema. "Baba watoto, umekonda hivi tangu lini?"