Mfupa wa Mtoto Hauna Kinyongo

"Usikate, daktari!" Yule baba alinishika mkono. "Fundi wa mifupa amesema akifungua mtu mwingine, mfupa unakataa kuunga."

"Ukatae basi, tutabembelezana nao!" nilimjibu. Subira sina, na sijawahi kusema ninayo.

Mezani alikuwa amelala binti yake, wa miaka kama saba, aliyedondoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe huko kwao bondeni Momba. Fundi wa kijijini alikuwa amemfunga mkono kwa vijiti vya mianzi na mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaza kweli kweli. Vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, na nilipomwambia avikunje hakuweza. Mfupa husubiri, damu haisubiri. Tungechelewa, ule mkono ungebaki wa kuning'inia tu maisha yake yote.

Nikaukata ule mpira. Baba akageukia ukutani.

Nilibinya ukucha wa kidole cha kati, nikaachia, nikangoja wekundu urudi. Ukucha ukabaki mweupe. Nikabinya tena. Nje malori ya foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde yalikuwa yanapiga honi, na mimi ndani namwomba Mungu kwa ajili ya ukucha wa mtoto wa watu. Wekundu ulipoanza kurudi, nilisema "Ewaa!" kwa sauti hadi mtoto akashtuka.

Tulimchoma sindano ya usingizi, baba akashikilia kiwiko, nami nikavuta hadi mifupa yote miwili iliyovunjika ikakaa mahali pake. Plasta ngumu, ambayo watu huiita hogo, niliiweka upande mmoja tu ili uvimbe upate nafasi.

"Hautapinda?" baba aliuliza.

"Hata ukipinda kidogo, utajinyoosha. Mfupa wa mtoto hauna kinyongo."

Nawaambia wazazi wote hivyo.

Mtoto alipozinduka alinishika koti kwa ule mkono mzima, akaniita mama. Nikajifanya nafuata bandeji. Kabla sijatoka kazini alikunja vidole vyote vitano.

Wangu analelewa na mama yangu Korogwe, tangu nilipopangiwa kazi huku. Chumbani kwangu Tunduma nina vikombe viwili, na cha pili hakijawahi kulowa chai.

Jioni nilimpigia mwanangu simu nimhadithie. Alisikiliza, kisha akasema, "Hata mimi nilifungwa hogo mkononi, mama. Nilianguka kwenye mpera. Bibi alisema tusikwambie, uko mbali, utalia bure."

Nilimgombeza mama yangu mpaka salio likaisha. Halafu nikalia, bure, kama alivyosema. Asiyekuwapo na lake halipo. Nimeshawahi kuwaambia wengine maneno hayo, tena nikicheka.

Likizo ilipofika nilikwenda Korogwe. Sikumuuliza ni mkono upi, nilitaka niutambue mwenyewe. Alipolala nilimpapasa yote miwili, toka kiwiko hadi kiganja, taratibu, kama ninavyowapapasa watoto wa watu.

Sikupata hata kinundu.