Wanawake Waliokalia Njia ya Wapima Ardhi

Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa msichana wa mwaka wa mwisho chuo kikuu Nairobi, nilirudi nyumbani Kiogoro na kamera ya kuazima na swali moja ambalo nililiona rahisi. Nilitaka kujua ni nani aliyewaongoza wanawake waliowazuia wapima ardhi upande wa Nyaramba.

Kisa chenyewe nilikuwa nimekisikia utotoni kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa huko. Uhuru ulipokuwa bado mpya, serikali ilituma watu wa kupima mashamba ili kila shamba liandikwe jina la mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamume. Asubuhi moja wanawake walikwenda wakakaa njiani, wengine na watoto mgongoni, wakakataa kuondoka. Wapima ardhi wakafunga vyombo vyao wakarudi mjini. Mwalimu wangu wa historia alikipenda sana kisa hicho nilipomsimulia.

“Andika juu ya hao wanawake,” aliniambia. “Lakini anza na nyaraka. Bila nyaraka utaniletea hadithi za jikoni.”

Kwa hiyo nilianzia mjini Kisii, katika ofisi za wilaya. Karani alinifungulia chumba nyuma ya ofisi yake ambamo mafaili ya zamani yalipangwa mpaka darini. Kilinuka vumbi na kinyesi cha popo. Nilikaa humo siku nzima na kitambaa puani, na jioni nilikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya chifu wa wakati huo. Alisema wanawake walitumwa na waume zao, wanaume wenyewe wakijificha nyuma ya nguo za wake zao kwa kuogopa kufungwa. Ya pili ilikuwa ya ofisa wa ardhi, naye alisema wanawake waliwaasi waume zao na ndoa kadhaa zilikuwa karibu kuvunjika. Ya tatu ilikuwa ombi lililojaa alama za vidole gumba vya wanawake wa sehemu hiyo hiyo. Waliiomba serikali irudishe wapima ardhi haraka.

Nilizisoma tena na tena. Nikaziweka kando, nikanunua soda, nikarudi, na bado hazikukubaliana. Zilipatana katika jambo moja tu, kwamba ilikuwa Jumamosi.

Nililishika hilo la Jumamosi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Nikapanda gari kwenda Nyaramba.

Shangazi alikuwa nyuma ya jiko akichambua mboga ya chinsaga na jirani yake, omong'ina mmoja, yaani mama mtu mzima, Mkatoliki aliyekuwa rafiki yake tangu walipoolewa. Nilisubiri mpaka nikaribishwe, nikala, nikaulizwa habari za wote walioko Kiogoro. Kisha nikafungua daftari.

“Ilikuwa Jumamosi,” nilisema.

Shangazi akaacha kuchambua mboga. “Jumamosi? Mimi, Msabato, nivunje Sabato kwa ajili ya kigingi cha wapima ardhi? Aliyekuambia hivyo amekudanganya. Ilikuwa katikati ya wiki. Nilitoka shambani na jembe langu.”

“Ilikuwa Jumamosi,” jirani alisema bila kuinua kichwa. “Ninyi mlikuwa kanisani mnaimba. Tuliokaa njiani ni sisi Wakatoliki.”

“Mimi nilikuwepo!”

“Ulikuja baadaye kuangalia.”

Wakageukiana, wakasahau kwamba nipo. Shangazi alisema walikwenda kwa sababu kigingi kilikuwa kimepigwa katikati ya shamba la mjane, na shemeji za mjane walikuwa wanachekelea. Jirani alisema mjane huyo aliolewa sehemu nyingine kabisa, wao walikwenda kwa ajili ya njia ya chemchemi. Nikauliza habari za ombi lenye alama za vidole.

“Siku hizo tulikuwa tunaweka kidole kila mahali,” jirani alisema. “Akija mtu na karatasi na wino, tunaweka. Moja ilikuwa ya josho la ng'ombe.”

“Ilikuwa ya josho la ng'ombe au ya wapima ardhi?”

“Mwanangu, mimi sikuisoma.”

“Na waume zenu? Waliwatuma, au waliwakataza?”

Wakatazamana, kisha wakacheka kicheko kirefu ambacho sikuambiwa sababu yake. Nikauliza swali langu la mwisho, lile lililonitoa Nairobi. “Lakini nani aliwaongoza?”

“Kutuongoza kwenda wapi?” shangazi akauliza. “Tulienda tu.”

Nilikaa kwake sehemu kubwa ya likizo nikienda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliniongezea mkanganyiko. Wengine walisema mvua ndiyo iliyowafukuza wapima ardhi. Mmoja alisema waliokaa njiani walikuwa wasichana. Niliandika yote. Daftari lilivyozidi kujaa ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema mimi mwenyewe ninaamini nini, na nikaanza kuogopa kurudi kwa mwalimu wangu.

Wakati huo huo kulikuwa na maneno mengine pale kijijini, ambayo mimi sikuyatilia maanani kwa sababu hayakuwa historia. Mwenye duka mmoja alikuwa amenunua shamba karibu na chemchemi, akapata hati yake, akazungusha seng'enge. Njia ya maji ikafungwa. Wanawake walilazimika kuzunguka bonde lote na mitungi kichwani. Shangazi alinitajia mara kadhaa, nami niliitikia tu huku nikiendelea kunakili.

Asubuhi moja alinijia amejifunga leso kiunoni. “Njoo,” alisema. “Chukua na hiyo kamera.”

Nilikwenda nikidhani nitatazama tu. Wanawake walikuwa wengi, Wasabato na Wakatoliki pamoja, na hakuna aliyetoa hotuba wala amri. Tulipofika kwenye seng'enge walianza kuzitikisa nguzo na kuzing'oa kama mtu anavyong'oa mihogo. Nilipiga picha moja. Nilipokuwa natafuta mahali pa kusimama nipige ya pili, omong'ina wa Kikatoliki akanipa nguzo niishike ili akate waya. Nikaishika. Sikujua niitupe au niendelee kuishika, na nilikuwa bado nimeikumbatia chifu alipotokea na askari wake wawili.

“Kiongozi wenu ni nani?” chifu akauliza.

Chifu akawapitia wote kwa macho, mmoja mmoja, mpaka akanifikia mimi, mwenye viatu, kamera shingoni na nguzo mkononi.

“Wewe msichana, unatoka wapi?” aliniuliza kwa Kiswahili.

Nilimjibu kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba mimi ni mtoto wa Kiogoro na shangazi yangu yule pale. Akaendelea kwa Kiswahili, kana kwamba nimetoka nchi nyingine. “Unafanya kazi gani hapa?”

“Ninaandika habari za wanawake, mzee.”

Palepale nilijua nimeharibu. Askari mmoja akaichukua kamera.

Baada ya muda niliitwa mjini kwa D.O., ofisa wa tarafa. Alikuwa kijana aliyevaa vizuri, mpole. Akanisomea kutoka kwenye karatasi kwamba wanawake wa sehemu ile walikuwa watulivu mpaka walipochochewa na mwanafunzi kutoka Nairobi.

“Si kweli,” nilisema. “Mimi nilishika nguzo tu.”

“Basi nani aliwaongoza?”

Niliziona sura zao zote, nikajaribu kukumbuka ni nani alikuwa mbele, nani alishika nguzo ya kwanza, nani alitoa wazo. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, mchana kweupe, na sikujua.

“Walienda tu,” nilimwambia.

Akatabasamu kwa huruma. “Dada yangu, umesoma. Watu hawaendi tu.”

Hakunifunga. Alinirudishia kamera bila filamu, akaniambia nikae kwa baba yangu mpaka chuo kifunguliwe. Nilipotoka, karani yule aliyenisaidia mwanzoni alikuwa anaingiza ile karatasi kwenye faili. Hakunitazama.

Nilikuwa na hasira njiani, lakini haikuwa hasira tupu. Sehemu fulani yangu ilifurahi kuitwa mchochezi. Halafu nikaanza kujiuliza kama chifu alikosea kweli. Kabla sijaondoka Nyaramba nilikuwa nimewauliza wanawake wale, wiki baada ya wiki, habari za siku waliyoizuia serikali. Nilimtuma mtu amwulize shangazi kama wangezing'oa nguzo bila mimi. Jibu lilirudi: labda, labda wangengoja kwanza mahindi yavunwe.

Njia ya chemchemi ilifunguliwa. Mwenye duka alirudisha seng'enge yake nyuma, pakabaki nafasi ya mwanamke mwenye mtungi kupita bila kuinama. Katika baraza chifu alieleza kuwa yeye ndiye aliyempatanisha mwenye duka na wananchi, na wanawake, shangazi akiwemo, walimpigia makofi. Nilipomwuliza shangazi kwa nini, alisema maji yamepatikana, makofi hayagharimu kitu.

Kazi yangu niliiandika na maelezo yote yaliyopingana, moja baada ya jingine. Mwalimu aliipitisha, ila pembeni mwa ukurasa wa mwisho aliandika kwa wino mwekundu: “Hitimisho liko wapi?” Sikuwa nalo.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kufundisha Marani. Likizo ya kwanza nilikwenda ofisi za wilaya kuomba kuisoma ile taarifa iliyoniandika mimi kuwa mchochezi. Karani mpya alisema mafaili ya karibuni hayafunguliwi bila kibali. Nilijaza ombi la kibali, nikangoja kwenye benchi pamoja na wazee waliokuja kwa kesi za mashamba, na saa za kufunga zilipofika nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nilirudi. Nikaambiwa ombi langu halionekani.