Barua Yangu Kuhusu Printa

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha majani chai, upande wa Bomet. Niligundua kwamba programu inayosimamia printa zetu ina mwanya: karani yeyote angeweza kuitumia kujipa mamlaka yangu yote kwenye kompyuta yake, bila paswadi yangu. Nikamwambia meneja.

“Andika barua, uiprint, ulete.”

Nikaleta. Akaigonga muhuri, basi. Mwanya ukabaki.

Jumatatu tulikuwa tunaomba kabla ya kazi, na nyimbo tulikuwa tunaziprint nyuma ya karatasi zilizotumika. Jumatatu moja nikageuza karatasi yangu, nikakuta barua yangu na muhuri wake. Hasira ilikuwa imeniisha kitambo. Nikaigeuza tena, nikaimba ubeti wa pili.